Kiharusi kwa kijana: bonge la damu limetoka wapi?

Nina miaka 32 na presha yangu iko sawa. Naweza kupata kiharusi?
Ndiyo. Kuna kiharusi kinachoanzia mbali na ubongo: damu huganda ndani ya moyo au kwenye mshipa mkubwa, bonge likang'oka, likasafiri na kuziba mshipa wa kichwani.

Moyo wa kijana unagandishaje damu?
Damu ikituama, huganda. Vali (kilango cha moyo) iliyosinyaa huibana damu kwenye chumba cha juu cha kushoto. Chumba hutanuka, mapigo huvurugika, na bonge hujijenga humo. Vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Hili linaniuma, kwa sababu koo lile hupona kwa penisilini. Misuli ya moyo iliyodhoofika, hata baada ya kujifungua, nayo hutuamisha damu. Vali iliyoshambuliwa na vijidudu humeguka vipande vinavyokwenda na damu.

Nimeambiwa nina tundu moyoni. Nihofu?
Tukiwa tumboni sote tunalo, kati ya vyumba viwili vya juu. Kwa takriban mtu 1 kati ya 4 halizibi kabisa, na wengi huzeeka nalo salama. Shida huja bonge la mguuni linapopenya hapo badala ya kuishia mapafuni. Baadhi ya waliokwisha kupata kiharusi huzibwa tundu hilo kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Shingo inahusikaje?
Ukuta wa ndani wa mshipa wa shingo ukichanika, kwa ajali au hata kwa kugeuza shingo kwa nguvu, damu huganda penye mchaniko. Maumivu mapya ya shingo upande mmoja, pamoja na kope kulegea na mboni ya jicho hilo kuwa ndogo, ni ya kukimbizwa hospitali. Usikubali kukandwa.

Mdomo ukipinda, mkono ukalegea, kisha hali ikatulia yenyewe?
Nenda hivyo hivyo, sasa hivi; bonge jingine linaweza kufuata. Kumbuka saa dalili zilipoanza, kwani dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Aspirini isubiri picha ya kichwa: huenda ni mshipa uliopasuka.