Kuivuta kwa Mkono Si Kuipima

Kwenye rafu ya karakana yangu kuna mkebe wa Kimbo uliojaa plagi za plastiki za kushikia skrubu, kulabu na bolti zilizong'oka kwenye dari za watu. Wiki jana nimeongeza nyingine tatu. Mteja wa Kilimani alinitumia picha saa tano usiku: taa ya kukuzia mimea ya wati 600, niliyozoea kuona ikitundikwa darini, imelala kifudifudi juu ya trei za miche ya pilipili hoho, mche mmoja umechungulia pembeni kama abiria aliyebanwa na mlango wa matatu. Chini ya picha, maneno ambayo sasa nayasikia hata usingizini: "Lakini fundi, niliivuta kwa mkono, ikashika!"

Najua uliivuta. Kila mtu huivuta. Unapanda juu ya kiti, unashika kulabu, unaning'inia kidogo kama mtoto kwenye tawi la mpera, haitoki, unashuka umeridhika. Ulichothibitisha ni kwamba kwa sekunde mbili, siku hiyo, plagi ikiwa mpya na dari ikiwa kavu, haikutoka. Taa haivuti sekunde mbili. Inavuta usiku na mchana, miezi minane. Plastiki ikibebeshwa mzigo mfululizo huvutika polepole bila kukatika, hata kama mzigo wenyewe ni mdogo kuliko ule ulioivuta nao siku ya kwanza. Ndiyo maana taa haianguki ukiwa umeitazama. Huanguka baada ya miezi mitano, saa nane za usiku.

Halafu kuna jipsamu. Jipsamu ni chaki iliyovikwa karatasi, na chaki haipendi maji. Maji unayomwagilia trei zako hayakai kwenye udongo tu, mmea huyatoa kwa majani kama mvuke na mvuke hupanda. Julai, baridi ikiuma na madirisha yakifungwa, mvuke huo hauna pa kwenda ila darini. Yaani umetundika kilo 12 kwenye chaki, kisha chini yake ukaweka birika.

Kuna atakayeuliza taa za nini Nairobi, mji ulio karibu kabisa na ikweta wenye mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Huyo hajawahi kuishi mtaa wa Pipeline, orofa ya pili, majengo yamebanana, ambapo ukifungua dirisha unapokea chumvi kutoka kwa jirani. (Na ndiyo, mlinzi akiona mwanga wa zambarau dirishani atadhani unapanda bangi. Nunua taa nyeupe, mimea haitalalamika.)

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote: pembe. Mtu ana kulabu moja katikati ya chumba na taa yenye upana wa mita moja. Anafunga kamba kutoka pande mbili za taa, zinakutana juu kwenye kulabu ile moja. Taa ni kilo 10, basi anagawanya kwa mbili, kila kamba kilo tano. Hesabu ya darasa la tatu, na ni kweli kamba zikining'inia wima. Zikianza kufunguka hesabu inabadilika. Pembe kati ya kamba mbili ikifika digrii 120, kila kamba inavutwa kwa kilo 10 nzima. Ikifika 150, kila moja inabeba zaidi ya kilo 19. Taa ni ile ile, hujaongeza hata parafujo.

Na utafikaje digrii 150? Kwa kuipandisha taa! Mimea imerefuka, unafupisha kamba, taa inakaribia dari na pembe inazidi kutanuka. Mtu anadhani amesogeza taa tu, kumbe ameongeza mvuto wa kamba karibu mara nne. Kulabu ya katikati bado inabeba kilo 10 zake, haina habari. Wanaoumia ni kamba, racheti (kile kifaa chenye gurudumu la kufupisha kamba) na yale masikio membamba ya bati kwenye taa yenyewe, ambayo sasa yanavutwa kwa ndani wakati yalitengenezwa yavutwe juu. Ukiwa na kulabu mbili zilizoachana kuliko upana wa taa, shida inahamia darini: kulabu inachokorwa kwa kando, na plagi ikichokorwa hivyo hulegea upesi. Dawa ni kulabu mbili, au nne, kila moja juu ya sikio lake, kamba wima kama timazi. Nimelisema hili kwa wateja wengi hadi mke wangu anaweza kulisema badala yangu.

Kuhusu racheti za kamba: maandishi ya pauni 150, yaani kilo 68, kwenye pakiti nyingi ni ya jozi. Si ya kila moja. Soma pakiti.

Kama dari yako ni jipsamu, usitafute plagi kubwa zaidi. Tafuta kilicho juu yake. Gonga, pitisha sumaku uone skrubu zimepangwa wapi, na ukipata mbao bado usishangilie. Mbao nyingi za dari zimepigiliwa misumari kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo mzigo wako unaning'inia kwenye misumari inayovutwa kinyume na ilivyoingia, na msumari hauna ubishi ukivutwa hivyo. Afadhali kutoboa hadi kwenye slabu, yaani sakafu ya orofa ya juu, kwa bolti ya kupanuka. Lakini slabu nayo, kwenye fleti nyingi mpya, ni matofali yenye matundu yaliyopangwa kati ya mihimili ya zege. Drili inaingia sentimita tatu kisha inazama ghafla, na hapo umefika kwenye tundu. Bolti iliyopanukia hapo imeshika ukuta mwembamba wa tofali na matumaini yako. Ukihama utoboe mhimili, mara nyingi ndani yake kuna nyaya za chuma zilizokazwa kiwandani, na mwenye jengo hatakushukuru ukizikata.

Ndiyo maana wapangaji wengi nawaambia waache dari kabisa. Nenda Kamukunji ukachomelewe fremu ya bomba za mraba, miguu mipana, uifunge ukutani isipinduke. Mimi napata pesa kidogo zaidi kwa kazi hiyo, na simu za usiku zinapungua.

Waya wa usalama uwepo, naam. Lakini jamani, usiufunge kwenye kulabu ile ile! Nimeona mara mbili mwaka huu. Kulabu iking'oka, waya unaifuata chini kama mbwa mwaminifu. Uwe na bolti yake, na usiwe na ulegevu mwingi. Mzigo ukiachiliwa ghafla, hata bila kuanguka hata kidogo, hushtua kilichoushika kwa mara mbili ya uzito wake. Ukianguka sentimita kumi kwanza, ni zaidi ya hapo.

Umeme nitapita haraka. Wati 600 kwa volti 240 ni ampea 2.5, birika lako linakula zaidi. Tatizo ni maji. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone lidondoke sakafuni. Fremu ya chuma iwe na athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Taa iliyokuja na plagi ya pini mbili mimi siifungi.

Taa nyingine hazingoji saa nane za usiku. Huanguka siku ya kurekebisha. Mtu anabonyeza kitufe cha racheti huku imebeba mzigo, kamba inateleza, upande mmoja unashuka, na uzito wote unahamia kona moja. Zima taa, iache ipoe, toa trei. Inyanyue kwanza kwa mkono hadi kamba ilegee, ndipo uguse racheti. Sentimita tano upande huu, tano upande ule. Mkiwa wawili ni bora, na huyo wa pili asiwe na simu mkononi. Kama draiva, kile kisanduku kinachoilisha taa umeme, inatoka, iweke kwenye rafu. Hicho ni chuma ambacho hakina haja ya kukaa juu ya kichwa chako.

Mwanafunzi wangu huniuliza nambari zangu zinatoka wapi. Mimi huzidisha uzito wa taa mara tano kabla ya kuchagua bolti, na desturi hiyo nimeiazima kwa watu wa winchi na kamba za chuma za kunyanyulia mizigo. Haikutungwa kwa ajili ya jikoni la South B. Kamba za racheti nabadilisha kila miaka miwili, na miaka hiyo miwili ni ya woga wangu, si ya hesabu yoyote. Nimewahi kufungua kamba ya miaka minne iliyokuwa nzima kabisa, na nyingine ya miezi kumi iliyokuwa imelika karibu na gurudumu.

Pia nimeanza kutilia shaka kazi yangu mwenyewe. Kama taa ina kitufe cha kupunguza mwanga, na nyingi za siku hizi zinacho, kwa nini tuishushe na kuipandisha kila wiki? Ya kwangu nyumbani haijasogea tangu niifunge. Miche ikiwa midogo inakaa juu ya kreti mbili za soda. Ikirefuka natoa kreti moja. Ikirefuka tena natoa ya pili.