Feni, peni, cheni: masikio ya mpiga udi akiwa nyumbani kwake

Mwezi wa pili, lile joto la kaskazi ambalo hata paka wa Mji wa Kale hapa Mombasa wanalala wamejinyoosha kwenye baraza utadhani wamekufa, mke wangu alinipigia simu niko Marikiti, akaniambia nikirudi nipitie dukani nilete feni maana ile ya chumbani imeungua. Nikamwambia sawa, hakuna neno. Nikarudi na peni mbili, moja ya bluu moja nyeusi, nikaziweka mezani na nikajiona mume wa maana kwa sababu niliagizwa moja nimeleta mbili.

Akaziangalia zile peni. Akaniangalia mimi. Akasema pole pole, ile pole pole ya hatari, "Sasa hizi tutajipepea nazo vipi?"

Kabla hamjanicheka niwaambie kwamba mimi kazi yangu ni masikio. Napiga udi, ule wa nyuzi wa taarabu si wa kufukiza, nafundisha udi na natengeneza udi za watu, huu ni mwaka wa ishirini na kitu. Mtu huja hapa Majengo na udi wake kwapani, aniambia "fundi, hainipi raha", apige mara moja tu nshajua ni uzi gani na shida iko wapi. Chakula tunachokula nyumbani kimetoka kwenye masikio haya. Ndiyo maana mke wangu ana usemi wake anaowaambia wageni wakija: huyu bwana sikio lake linasikia robo sauti, lakini halisikii "gesi imeisha".

Hilo la robo sauti wengi huniuliza, basi nielezee. Kinanda cha kawaida, ukihesabu kutoka do moja mpaka do ya juu yake, kina hatua 12, na hizo 12 ndizo zilizopo, hakuna nyingine. Lakini maqamu, yaani zile ngazi za noti za Kiarabu tulizorithi kwenye taarabu, kama bayati na rasti, zina noti ambazo makao yake ni katikati ya hatua mbili, pale ambapo kinanda hakina kitufe kabisa. Udi shingo yake ni laini, haina zile chuma za kukata noti kama gitaa, kwa hivyo kidole kinakaa popote unapotaka, na hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndipo pia mwanafunzi anapolilia, maana hakuna alama ya kumwonyesha afike wapi asimame. Ni sikio tu.

Basi kijana wangu wa miaka 16 akaazima kinanda kwa rafiki yake. Kuna vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Waarabu, vina vitufe pembeni vya kushusha noti hiyo robo, hiki hakikuwa nacho. Akakaa sebuleni akijaribu bayati. Mimi niko bafuni, maji yanamwagika, sabuni machoni, nikapiga ukelele "Hiyo ya pili iko juu! Ishushe!" Yeye ataishusha vipi masikini na kitufe hakipo. Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlango wa bafuni kwa mara ya tatu akiniuliza kama nimeingia na taulo, na mara zote tatu mimi kimya. Nikasikia sauti yake sasa, "Ahaa. Kumbe wasikia."

Nilikuwa sina taulo.

Kutia sauti udi nako ni kazi ya aina hiyo hiyo. Udi wangu una nyuzi 11, kumi zimefungwa mbili mbili na ule mnene kabisa uko peke yake kama mzee wa mtaa. Kila jozi inatakiwa itoe sauti moja. Sasa tuseme uzi mmoja unatetema mara 220 kwa sekunde na mwenzake 222, ukizipiga pamoja husikii sauti mbili, wasikia sauti moja inayoyumba, wau wau wau, mara mbili kila sekunde, kwa sababu idadi ya kuyumba ni ile tofauti iliyopo baina yao. Unakaza kigingi kidogo sana, kuyumba kunapunguza mwendo, kunazidi kuwa kwa uvivu, mpaka kunatulia kabisa na udi wote unaanza kukutetemekea kifuani. Wanafunzi siku hizi wana programu ya simu yenye mshale, ukifika pahali pake unageuka kijani, siwakatazi, ila simu yakwambia habari za uzi mmoja mmoja, hawa wawili wakikaa pamoja wanaelewana au wanapigana hilo haikwambii. Na hewa yetu hii ya bahari nayo ina fitina zake, masika yakiingia mbao zinafura, vigingi vinashika havizunguki, kaskazi ikija vinalegea vinateleza vyenyewe usiku, unaamka asubuhi udi umelala kama chapati. Chaki kidogo kwenye kigingi inasaidia.

(Najua wapo wanaongoja niseme ndoa ni kama zile nyuzi mbili. Sisemi. Nilisema mara moja kwenye harusi ya mpwa wangu waliponipa maikrofoni nitoe nasaha, mke wangu akauliza kutoka nyuma ya ukumbi, "Na anayekazwa kila siku ni nani?" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, bwana harusi nusura akabwe na kachri. Tangu siku hiyo nasaha nawaachia masheikh.)

Tofauti kubwa kati yangu na yeye ni kwamba mimi nasikiliza sauti na yeye anasikiliza maneno. Na hapa Mombasa yeye ndiye wengi. Mtu wa pwani akienda taarabuni anakwenda kusikiliza maneno, fumbo limekaa vipi, nani kapigwa na nani hajajua kama kapigwa. Mke wangu amelelewa na kanda za mwimbaji wa taarabu marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alitutoka 2014, nyumbani kwao zilikuwa zimejaa kabati, na mpaka leo akiwa anakuna nazi anaweza kukuimbia ubeti mzima na kukufafanulia kila neno. Mimi ukiniuliza kuhusu nyimbo zile zile nitakwambia ule mtindo wa kuleta lahani za Kihindi ndani ya Kiswahili, nitakwambia tashkota, kile chombo chenye vibonye kama taipureta, kilibuniwa Nagoya huko Japani mwaka 1912 na kikasafiri mpaka kikawa mtoto wa Mombasa kabisa kuliko baadhi yetu. Maneno ya wimbo? Nimepiga nyimbo nyingine mara mia na sijui zinasema nini. Haki ya Mungu.

Na hilo liliniponza. Kwa wasiojua, kwenye taarabu kuna kutuza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaokugusa, wainuka na noti yako mkononi, unakwenda mwendo wa maringo mpaka mbele, wampa au unambandika, kisha unarudi. Wenye kujua hawaangalii noti ni ya shilingi ngapi, wanaangalia umeinuka kwenye ubeti gani na njiani umempitia nani. Mshairi anatunga fumbo bila jina, jina linawekwa na yule anayeinuka. Kwa hivyo wimbo mmoja unaweza kuwa wa wivu harusi ya Ijumaa na Jumamosi ukawa ni wa mavyaa na mke wa mwanawe, maneno hayo hayo.

Sasa siku moja tunapiga harusi Kisauni, maturubai yamefungwa barabarani, watu wamejaa, na mke wangu yuko mbele na mashoga zake. Tukafika kwenye wimbo mmoja mrefu, ubeti wa tatu, nikamwona anainuka. Noti ya mia mbili. Anakuja kwa madaha, leso imekaa, haangalii mwimbaji, ananiangalia mimi. Mwenzangu mwenye fidla akanipiga kiwiko. Mimi nikafurahi! Nikazidisha mapambo kwenye udi, nikafunga na macho. Akampa mwimbaji zile mia mbili, watu wakapiga vigelegele mpaka nikapoteza mdundo. Nikarudi nyumbani saa tisa usiku nimevimba kichwa, mke wangu kanituza mbele za watu.

Kesho yake barazani, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja jirani ananiuliza "Hivi wewe na mkeo mko salama?" Kwani vipi mzee wangu? Ndipo nikaelezwa kwamba ule ubeti wa tatu ni wa mwanamke anayelalamika kwamba miaka yote anasema na jabali, na jabali halijibu, afadhali angesema na bahari maana bahari walau hurudisha wimbi. Mtaa mzima ulikuwa ushajua mimi ni jabali. Nilikuwa nimeupamba ubeti wa kusutwa mwenyewe.

Baada ya zile peni ndipo nikaenda kupimwa masikio. Wanakuweka chumba kidogo kimezibwa, wakuvisha hedifoni, kila ukisikia mlio wabonyeza kitufe. Nikaingia kwa mbwembwe, mimi ni mtu wa udi bwana. Yule daktari wa masikio, binti mdogo tu, akanionyesha mchoro: mstari unakwenda vizuri, vizuri, ukifika kwenye sauti za mitetemo 4000 hivi kwa sekunde unaporomoka kama mtu kaingia shimoni, kisha unapanda kidogo. Akasema hilo shimo analijua, ni la kelele. Sikio la kushoto baya zaidi. Nikafikiri, kweli, miaka yote jukwaani spika kubwa iko kushoto kwangu.

Akanieleza na mimi nawaeleza, hasa vijana wa bendi na madijei. Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinywele vidogo sana ambazo ndizo zinazoipokea sauti. Zikifa hazioti tena, basi. Kelele ya desibeli 85 inasemekana sikio laweza kuistahimili saa nane kwa siku, lakini kila zikiongezeka desibeli 3 tu muda unakatwa nusu, kwa hivyo 88 ni saa nne, 91 saa mbili, ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Na harusi zetu, spika zikiwa karibu, hiyo 100 hupitwa bila shida, na sisi hatupigi robo saa, sisi twapiga mpaka wapishi wamelala. Pamba haifai kitu. Kuna vizibo maalumu vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote sawasawa bila kuuharibu muziki, sasa natembea navyo kwenye mfuko wa udi.

Lakini kilichonifurahisha ni pale aliposema sauti zinazopotea kwanza ni hizo za juu, na hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, ch na sh. Irabu ziko chini, hizo nazisikia. Udi wangu uko chini vile vile, uzi mwembamba kabisa ukiupiga mtupu hata mitetemo 300 kwa sekunde haufiki, ndiyo maana kazini sijagundua kitu. Kiswahili nacho karibu kila silabi inaishia kwa irabu, mtu akisema nami naipata lahani yote ya neno, ila mlangoni mwa neno ndipo pana giza. Feni, peni, cheni, kwangu ni "-eni". Ubongo unachagua wenyewe. Na kwenye simu, Marikiti, mikokoteni inapita, ubongo ulichagua peni.

Nikarudi na ile karatasi nimeishika kama hati ya shamba. Nikamwekea mezani, nikamwonyesha shimo, nikamweleza konokono na vinywele. Huo ni ushahidi wa kitaalamu, mimi si jabali, mimi ni mgonjwa. Akaisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Na mbona 'samaki wa kupaka tayari' wasikia ukiwa ghorofa ya juu? Ina s hiyo." Sikuwa na jibu. Daktari hakuniambia kuhusu samaki.

Siku hizi vitu vya dukani ananiandikia, kwa ile peni ya bluu, herufi kubwa kama za bango la siasa. Ile nyeusi kaichukua binti yetu wa darasa la nne.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema, mimi nimeligundua tu. Jumapili jioni huwa twachukua tuktuk twenda Mama Ngina kukaa kutazama meli, tule mihogo na madafu. Miaka yote hukaa kushoto kwangu, ndiyo kawaida yake, upande wa upepo. Jumapili iliyofuata baada ya kile kipimo, nikataka kuingia kwanza kama siku zote, akanishika mkono, akaniambia zunguka, akanipitisha upande wa pili ili yeye awe kuliani. Sikuuliza, naye hakueleza. Mpaka leo ni hivyo, kwenye tuktuk, barazani, kwenye sherehe, anazunguka mwenyewe taratibu anakaa kulia.

Siku hiyo tulikuwa tumeshafika Ganjoni, upepo wa bahari ushaanza kuingia, akaniinamia kwenye hilo sikio zima, karibu kabisa, sauti ya chini, nikaisikia kila herufi mpaka zile s na f:

"Gesi umeifunga?"

Nikamwambia dereva ageuze.