Dhima ya ajali: gari likikugonga Lubumbashi, nani analipa na kwa ushahidi gani?

Tuseme kamyo (lori) limerudi nyuma bila kuangalia kwenye barabara ya Kasenga, likamgonga manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliyembeba mama mmoja na gunia lake la makala (makaa). Mama kavunjika mguu. Kabla hata polisi wa barabarani hawajafika, watu wamejaa na kila mmoja ana hukumu yake: shofere amelewa, manseba alijipenyeza, gunia lilikuwa kubwa mno. Makelele yote hayo yanamtafuta mkosaji. Sheria nayo inamtafuta, ila ina swali jingine ambalo pale barabarani halisikiki sana: gharama za mguu ule zitatoka mfukoni mwa nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa dhima ya kiraia.

Kwetu Kongo msingi wake ni wa zamani. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, ile ambayo mawakili wanaiita Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia. Kifungu cha 258 kinasema, kwa ufupi, kwamba kitendo chochote cha mtu kikimletea mwenzake hasara, aliyekosea anawajibika kuifidia. Kifungu cha 259 kinaongeza kuwa uzembe na kukosa uangalifu navyo ni kosa. Si lazima uwe umekusudia. Mdai basi ana mambo matatu ya kuthibitisha: kosa, hasara, na kwamba hasara hiyo imezaliwa na kosa hilo. Likikosekana moja, dai linaanguka. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwake yeye anayedai (kifungu cha 197), hata kama ndiye aliyelala kitandani na mguu umefungwa plasta.

Watu wengi huchanganya dhima hii na kesi ya jinai. Kumuua au kumjeruhi mtu bila kukusudia ni kosa la jinai pia, katika vifungu vya 52 hadi 54 vya kanuni ya adhabu. Kwa kifo, adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kesi hiyo ni ya parke, ofisi ya waendesha mashtaka, yaani inaendeshwa kwa jina la jamii nzima. Aliyeumia anaweza kujiunga nayo kama mdai wa kiraia mbele ya tribinali ya amani, na kesi moja ikamaliza yote mawili, adhabu na fidia. Njia hiyo ndiyo inayotumika sana, kwa sababu parke ina uwezo wa kuita watu na kukusanya vielelezo ambavyo mama wa sokoni hawezi kuvipata peke yake. Anaweza pia kufungua kesi ya kiraia tu, lakini kama ya jinai inaendelea, jaji wa kiraia atasubiri iishe kwanza.

Tufike sasa kwenye sehemu ambayo naona ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo isiyojulikana. Shofere wa kamyo mara nyingi hana kitu. Ukimshinda mahakamani unabaki na karatasi nzuri yenye muhuri. Ndiyo maana kifungu cha 260 kina uzito: kinasema mtu hajibu kwa matendo yake tu, anajibu pia kwa ya wale walio chini yake na kwa vitu anavyovitunza. Bosi anajibu kwa kosa ambalo mfanyakazi wake amelifanya akiwa kazini. Ukikisoma vizuri kifungu hicho utaona wazazi, walimu na mafundi wenye wanagenzi wameachiwa mlango wa kutokea: wakithibitisha kwamba hawakuweza kuzuia jambo, wanasalimika. Bosi hakuachiwa mlango huo. Kusema "mimi nilimwajiri shofere mzuri, mwenye leseni" hakumsaidii, ilimradi kosa la shofere limethibitika na alikuwa katika kazi yake.

Kuhusu vitu, breki zikikatika au tairi bovu likipasuka, anayelitunza gari hawezi kujificha nyuma ya "sikujua". Kuwa na gari barabarani ni pamoja na kujua hali yake.

Ugumu uko kwa pikipiki. Wenye pikipiki wengi wanamwachia kijana chombo, naye analeta kila jioni fedha za vesema, yaani kiasi walichokubaliana. Je, huyo ni mfanyakazi wa mwenye pikipiki au anajitegemea? Mahakama huangalia nani anatoa amri: nani anapanga saa na njia, nani anatengeneza pikipiki, nani anaweza kuichukua kesho asubuhi. Mwenye pikipiki atasema kijana ni mpangaji tu. Basi daftari la vesema, ujumbe wa simu wenye maagizo, na jina lililo kwenye kadi ya pikipiki vinakuwa ushahidi, ingawa siku ya ajali hakuna aliyevifikiria.

Nyuma ya wote hao inapaswa kuwepo asiransi, yaani bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha moto lazima kiwe na bima ya dhima kwa wengine. Zamani mlango ulikuwa mmoja, SONAS, kampuni ya bima ya serikali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na sasa kuna kampuni za binafsi pia. Aliyeumia anaweza kuielekea kampuni hiyo moja kwa moja, si lazima apitie kwa mwenye gari. Na kwa kuwa mji wetu uko kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, makamyo mengi yanayotugonga yana namba za Zambia au Tanzania. Hayo huvuka mpaka na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya dhima inayotambulika katika nchi zilizo ndani ya mpango huo, nasi tumo. Piga picha ya kadi hiyo kama unavyopiga namba ya gari. Kamyo likishavuka mpaka, kulipata tena ni shughuli.

Kuhusu ushahidi, habari njema ni kwamba ajali si mkataba: inathibitishwa kwa njia yoyote. Picha ya simu inafaa, mashahidi wanafaa. Picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa, zikionyesha namba, yalivyokaa, alama za tairi, na karatasi ya asiransi kwenye kioo. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua moja tu inafuta alama zote. Shahidi bora ni yule mwenye meza yake ya kuuzia pale pale, kuliko mpita njia mwenye sauti kubwa. Barua ya mahakama inahitaji anwani, na wa kwanza ana mahali pa kupatikana.

Pevee ya polisi, yaani ripoti yao rasmi, ina mchoro wa ajali na maelezo ya kila upande. Omba namba yake na ufuatilie kama imefika parke. Ina uzito, lakini inaweza kupingwa, kwa hiyo usikate tamaa ikiwa imeandikwa kinyume chako.

Cheti cha daktari kiandikwe mapema, ikiwezekana siku ile ile, maana hapo ndipo kesi nyingi hupotea. Mtu anapelekwa nyumbani, mguu unavutwa na mtaalamu wa mifupa wa mtaani, baada ya miezi miwili umepinda, ndipo anakwenda hospitali ya Sendwe. Wakili wa upande wa pili atauliza: mguu umepindishwa na kamyo au na yule aliyeuvuta? Kile kiungo cha tatu, kati ya kosa na hasara, kimekatika. Baadaye daktari huyo au mwingine aliyeagizwa na parke atasema ni siku ngapi mgonjwa hataweza kufanya kazi, na kama kuna ulemavu wa kudumu, ni asilimia ngapi.

Hasara nayo inahitaji karatasi. Risiti za dawa, ndiyo, lakini pia kipato kilichopotea. Mama wa makala hana hati ya mshahara. Ana daftari la likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, linaloonyesha alikuwa akitoa kiasi gani, tiketi za soko, na muuzaji wa jumla anayemfahamu. Maumivu na huzuni pia hulipwa. Vielelezo visipotosha, jaji hukadiria mwenyewe kwa busara na haki, ex aequo et bono kama wanavyopenda kuandika kwenye hukumu. Si jambo baya, ila makadirio hayo hayana sababu ya kuwa na ukarimu kwa mtu aliyekuja mikono mitupu.

Dhima inaweza pia kugawanywa. Kama manseba kweli alijipenyeza nyuma ya kamyo lililokuwa likirudi, jaji anaweza kuwabebesha wote wawili, kila mmoja na sehemu yake. Mama naye, kama gunia lilichangia kumwangusha, anaweza kukatwa kidogo kwenye fidia.

Imebaki ile karatasi ya kuelewana. Mwenye kamyo anakuja hospitalini, analipa plasta, anaacha fedha kidogo na kuomba saini. Maelewano si haramu, na pengine ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Lakini maneno "sina dai jingine lolote" yanaweza kukufungia mlango wa fidia ya ulemavu utakaoonekana baadaye, ilhali hayaifungi parke, ambayo bado inaweza kumfuatilia shofere. Andika basi kwamba fedha hizo ni za matibabu ya kwanza tu, taja kiasi na tarehe, na maelewano ya mwisho yangoje mpaka daktari athibitishe kwamba hali ya mguu haitabadilika tena.