Kwa nini sigara ya asubuhi huwa tamu: jibu kutoka kwenye modeli ya kompyuta

Waulize wavutaji wa siku nyingi, watakwambia sigara ya kwanza ya asubuhi ina utamu wake. Zinazofuata huvutwa zaidi kuituliza arosto kuliko kutafuta raha. Kazi yangu ni kuunda modeli za kompyuta za seli za ubongo, na kila ninapofundisha uraibu wa nikotini huanzia hapo, kwa sababu jibu haliji mpaka uhesabu mambo yanayokwenda kwa kasi tofauti.

Tuanze na kipokezi. Seli nyingi za neva zina protini za kupokea asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitengeneza wenyewe ili seli zipelekeane ujumbe. Nikotini inafanana nayo kiasi cha kuweza kukaa mahali pake. Aina ya kipokezi inayohusika zaidi na uraibu huitwa alfa4beta2, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba panya waliozaliwa bila sehemu ya beta2 hawana hamu ya kuendelea kujipa nikotini. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, waliirudisha sehemu hiyo kwenye eneo dogo tu la ubongo wa kati, lile lenye seli za dopamini, kemikali inayohusika na tuzo na kujifunza, na panya wakaanza kuitafuta nikotini.

Kwenye modeli, kipokezi hiki kinaweza kufunguka na pia kinaweza kuzimia. Moshi hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Vipokezi vinafunguka, ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zinaingia, seli za dopamini zinafyatua ishara. Asetilikolini huvunjwa na kimeng'enya ndani ya milisekunde chache, lakini nikotini haivunjwi hivyo. Huchukua kama saa 2 kupungua kwa nusu mwilini. Kipokezi kinachokaa nayo muda wote huo huzimia: nikotini imekishika, lakini hakifunguki tena. Ingiza hayo kwenye milinganyo, umpe mvutaji wa kwenye kompyuta sigara kila saa tangu alfajiri, kisha tazama mchoro. Kilele cha kwanza cha dopamini ni kirefu, vinavyofuata vinafupika. Usiku nikotini inapungua, vipokezi vingi vinazinduka, na alfajiri kilele kirefu kinarudi.

Ingeishia hapo ingekuwa rahisi. Ila seli za dopamini zina majirani, seli zinazotoa kemikali iitwayo GABA, ambazo kazi yao ni kuzishikia breki, na hizo nazo zina alfa4beta2. Ubishi ukawa: nikotini inazichochea seli za dopamini moja kwa moja, au inavizimisha vipokezi vya seli za GABA na hivyo kulegeza breki? Mwaka 2013 watafiti Graupner, Maex na Gutkin waliunda modeli ya mtandao huo mzima, na jibu lao nalipenda sana: inategemea asetilikolini iliyokuwepo tangu mwanzo. Ikiwa ni nyingi, seli za GABA zilikuwa tayari zinachochewa, kwa hiyo vipokezi vyao vikizimia breki inalegea kweli. Ikiwa ni kidogo, hakuna cha kulegeza, na uchochezi wa moja kwa moja ndio unaotawala. Watu walikuwa wakibishana kumbe kila upande ulikuwa na hali yake.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Mwaka 1997 wanasayansi Schultz, Dayan na Montague walieleza kwamba seli za dopamini hutoa taarifa ya tofauti kati ya tuzo uliyopata na uliyoitarajia. Ukitarajia 0 ukapata 10, ishara ni 10. Ukishazoea kutarajia 10, ishara inashuka hadi 0, na kujifunza kunakoma. Mtafiti David Redish alisema mwaka 2004: dawa za kulevya huongeza dopamini ya ziada, tuseme 2, ambayo matarajio hayawezi kuifuta. Basi thamani ya dawa inazidi kupanda kila inapotumiwa. Wazo hilo lilikuwa na ujasiri wa kutabiri kitu kinachopimika, na mwaka 2007 jaribio la kokeini kwa panya lilipingana na utabiri wake. Kwangu hiyo ni sifa kubwa ya modeli: ilisema wazi vya kutosha kuweza kukanushwa.

Modeli ya Gutkin, Dehaene na Changeux ya mwaka 2006 inafuata njia nyingine, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Ndani yake, dopamini ya mwanzo huifundisha sehemu ya ubongo inayochagua vitendo. Mvutaji akiendelea kwa muda mrefu, hujengeka polepole nguvu pinzani inayoibana dopamini, na kujifunza kunazimika. Tabia inakuwa ngumu, na hata nikotini ikikosekana, ubongo hauna dopamini ya kutosha kuisahau. Kwa hiyo kunaswa kuna kizingiti chake cha kiasi na muda, na kukwama kuna kingine.

Ukiitazama plasta ya nikotini kwa hesabu hizi, utaelewa kwa nini haina raha ya sigara. Dawa inapita kwenye ngozi kwa saa nyingi, kilele cha ghafla hakitokei, ila vipokezi haviachwi vitupu, na arosto inapungua. Vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha sigara iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hukaa kwenye alfa4beta2 yenyewe na kuiamsha nusunusu. Mtu akiteleza akavuta, nikotini inakuta nafasi nyingi zimeshakaliwa.