Sabuni haitibu mkanda wa gari unaoungua

Ujumbe unaozunguka mara kwa mara katika makundi ya kuchati hudai kwamba gari likipiga mlio na kutoa harufu ya mpira unaoungua, dawa ni kuusugua mkanda wa feni kwa kipande cha sabuni. Kweli, mlio hunyamaza kwa muda, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Lakini mkanda uliolegea, uliolowa oili au unaopita juu ya puli (kigurudumu kinachozungushwa na mkanda) iliyokwama ya alteneta, yaani mashine inayochaji betri, utaendelea kuteleza na kuungua. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Zima injini, iache ipoe, kisha utazame upande wa ndani wa mkanda: ukimetameta kama kioo au ukiwa na nyufa, ubadilishwe, na fundi azikague puli zote. Harufu ikitoka gurudumuni, shuku breki isiyoachia.