Darth Vader sio "baba wa giza"

Kuna hii stori inazunguka miaka mingi, eti jina la Darth Vader, yule adui mkuu wa filamu za Star Wars, ni Kiholanzi, maana yake "baba wa giza", kwa hiyo siri kwamba yeye ndiye baba wa shujaa, Luke, ilikuwa wazi tangu filamu ya kwanza, 1977. Hapana jamani. Vader kwa Kiholanzi ni baba kweli, na V yao inasikika karibu na F, lakini Darth haina maana yoyote kule, giza wanaita donker. Halafu cheki miswada yenyewe: ule wa 1974 Vader ni jenerali tu, baba wa shujaa ni mtu mwingine kabisa, na hata mswada wa kwanza wa filamu ya pili, 1978, mzimu wa baba yake Luke unatokea na Vader yuko kivyake. Huo ubaba umeingizwa baadaye, jina lipo kitambo.