Wabahama na Wahaiti wa Miami: kabla hujalinganisha mifuko yao, uliza walifika mwaka gani na wana karatasi gani

Kuna mama mmoja wa Kihaiti pale Little Haiti, Miami, ana daftari la mistari lenye gamba la bluu. Ndani kuna majina ishirini, na mbele ya kila jina kachora vijumba vidogo ishirini, kila baada ya wiki mbili anaweka tiki. Dola 200 kwa kila jina, kwa hiyo kila mzunguko kuna mtu anaondoka na dola 4,000 mkononi, na hakuna benki iliyoulizwa chochote. Wabongo tungesema upatu au mchezo, Wakenya wangesema chama, Wahaiti wenyewe wanaita sòl na mwenye daftari ni manman sòl, yaani kijumbe kabisa. Nilimuuliza kama imewahi kutokea mtu kala zamu yake akaingia mitini, akafunga daftari akaniambia, "Mwanangu, akimbilie wapi? Mdogo wake yuko namba nane."

Sasa nenda upande wa pili wa mji, West Grove, kwenye mitaa ya watu wenye asili ya Bahama, waulize wazee kuhusu asue. Ni mchezo uleule, jina limetoka kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi wanaosema esusu, lilivuka bahari na watumwa likabaki visiwani. Wazee wanakwambia viwanja vya mababu zao vilipatikana hivyo, mkono kwa mkono, zamu kwa zamu.

Naanza na hili makusudi kwa sababu kila nikiongea kuhusu kazi yangu, ambayo ni uchumi wa wahamiaji wa Karibiani, kuna mtu lazima aniambie kwamba Wabahama walifanikiwa sababu walijua kuweka akiba na kujenga, na Wahaiti wamekwama sababu ya utamaduni wao. Nimesikia hii hata kwa Waswahili wenzangu wanaofanya kazi nao kwenye nyumba za kutunzia wazee, na inaniuma kweli, maana tabia ya akiba ni ileile, mpaka njia ni ileile. Tofauti iko kwingine: walifika lini, walipewa karatasi gani, na nyumbani kwao kulikuwa na nini.

Tuanze na Mbahama. Mwishoni mwa miaka ya 1800 maisha Bahama yalikuwa magumu sana, watu walikuwa wanavua sponji za baharini lakini mvuvi anachukua vyakula na vifaa kwa mkopo kwa mfanyabiashara wa Nassau kabla hajaenda baharini, akirudi deni limeshakula mzigo wote. Nanasi likaanguka, mkonge ukaanguka. (Na mkonge wa Tanga una historia na pande hizohizo, Mjerumani Hindorf aliagiza miche Florida ikafika kwetu mwaka 1893.) Sasa ng'ambo tu ya maji, Florida kusini, kulikuwa hakuna mji. Nasema hakuna mji. Kulikuwa na msitu, mbu na mawe ya matumbawe, na watu wa Bahama ndio waliokuwa wanajua kulima juu ya mawe hayo na kujenga kwa mawe hayo, ujuzi ambao mtu wa Lamu au Unguja angeutambua mara moja. Coconut Grove, ambako ndiko West Grove iliko, walianza kufika miaka ya 1880 kufanya kazi kwenye hoteli ya akina Peacock, reli ya Henry Flagler ikafika Miami Aprili 1896, na Julai mwaka huohuo mji ukaandikishwa rasmi kwa kura za wanaume 368, kati yao 162 walikuwa weusi, wengi vibarua na wengi wa Bahama. Ukifika 1920 Miami ina watu weusi wa visiwani karibu 4,800, zaidi ya nusu ya weusi wote wa mji.

Yaani hawa walifika kabla ya kiwanja kuwa na bei. E.W.F. Stirrup, mzaliwa wa Bahama, alikuja Florida akiwa kijana wa miaka 15, akashika useremala, akawa ananunua ardhi kidogokidogo, mwishowe akajenga nyumba zaidi ya 100 akawauzia na kuwapangisha Wabahama wenzake. Leo mtu akikwambia ana nyumba ya bibi yake Charles Avenue pale West Grove, hiyo ndiyo asili yake. Na walikuja kwa boti la siku moja, wakati wa kuingia Marekani ukitokea visiwa hivyo hakukuwa na viza wala kuhojiwa kwa maana tunayoijua leo, msimu ukiisha unarudi kwenu, msimu ukianza unakuja tena.

Sisemi walikuta raha. Mtu alitoka Nassau, mji ambao weusi ndio wengi, akakuta Miami ya Ku Klux Klan, lile genge la wazungu wabaguzi, ambako sheria na mikataba ya viwanja inamwambia aishi mtaa huu tu asivuke barabara ile. Ubaguzi uleule uliomfungia West Grove ndio ulioifanya nyumba yake isipande thamani kwa miaka mingi wakati ya mzungu jirani inapanda. Na wale waliokaa Overtown, mtaa mwingine wa weusi wa Miami, miaka ya 1960 barabara kuu ya I-95 ilipita katikati ya nyumba zao.

Mfano mmoja ambao karibu kila mtu anamjua mhusika wake: Sidney Poitier, yule mwigizaji wa sinema wa Hollywood. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya wa Cat Island, wakawa wanapeleka nyanya kuuza Miami, na Februari 1927 mama yake akiwa kwenye safari hiyo ya biashara akajifungua kabla ya muda. Mtoto akakulia Bahama kwenye kisiwa kisicho na umeme, lakini kwa kuzaliwa Miami alikuwa raia wa Marekani, na alipofika miaka 15 walipomrudisha Miami kwa ndugu hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Hii karatasi moja kwa uchumi wa familia ni kubwa kuliko shamba. Shikilia huu mfano, nitaurudia.

Vita ya pili ilipokuja Wamarekani wakakosa wavuna mboga, 1943 wakafunga mkataba na serikali ya Bahama, watu visiwani wanauita tu "the Contract", uliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1960. Kibarua anakatwa robo ya mshahara inapelekwa Nassau kumsubiri, alikuwa halali, ana nauli, ana pa kurudi. Ngumu, mgongo unauma, lakini sheria iko upande wako. Alafu nyumbani kukabadilika: utawala wa walio wengi chini ya Lynden Pindling 1967, uhuru 1973, watalii wakamiminika, dola ya Bahama ikawa sawa na ya Marekani moja kwa moja. Mbahama akaacha kuhama kwa njaa. Anayekuja Miami siku hizi anakuja kusoma, kutibiwa, kufanya shopping, au ana kazi nzuri inamsubiri. Kwa hiyo ukichukua mhamiaji wa Bahama wa leo ukamweka kwenye jedwali pembeni ya Mhaiti wa leo, unalinganisha mtu aliyechagua kuja na mtu aliyekimbia.

Na Mhaiti wa kwanza kukimbia hakuwa maskini, hili watu wanalisahau. Dikteta Duvalier aliposhika nchi 1957 waliotoka mapema ni madaktari, wanasheria, walimu, walienda New York, Montreal, na wengine wengi walienda Kongo baada ya uhuru wa 1960 kujaza nafasi zilizoachwa na Wabelgiji, wazee wa Kongo wanawakumbuka walimu wao wa Kihaiti. Waliofika Florida kwa majahazi ni wimbi la baadaye, kuanzia miaka ya 1970, wakulima na watu wa mitaani, hali ikiwa imeshaharibika kabisa. Mwaka 1980 walifika kama 25,000, mwaka uleule Wacuba 125,000 walitoka bandari ya Mariel, Cuba, wakaja Florida. Bahari ileile, mwaka uleule. Mcuba alihesabiwa mkimbizi anayekimbia ukomunisti, Mhaiti akaambiwa wewe unakimbia umaskini tu. Jaji wa Miami, James Lawrence King, alisema waziwazi mwaka huohuo kwamba serikali ilizibagua kesi za kuomba hifadhi za Wahaiti zaidi ya elfu nne, lakini 1981 Rais Reagan akaanza kuwazuia hukohuko baharini. Kwa miaka karibu kumi walikamatwa zaidi ya 22,000, walioruhusiwa kuingia kuomba hifadhi ni 11. Sijakosea sifuri, ni kumi na moja.

Waliofanikiwa kuingia wakakutana na jingine, 1983 taasisi ya afya ya Marekani ikawaweka Wahaiti kama kundi la hatari la UKIMWI, watu wakafukuzwa kazi za majumbani na hotelini kwa uraia wao tu. Sasa niambie akiba gani ingeshindana na hiyo.

Tukija kwenye karatasi za sasa hivi, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010 Marekani iliwapa Wahaiti waliokuwa tayari nchini kwake hadhi ya ulinzi wa muda, ile TPS, inayomruhusu mtu kukaa na kufanya kazi kwa muda tu. Inaongezwa miezi 18, inaongezwa tena, inatangazwa kufutwa, inapelekwa mahakamani. Nimeona kwa macho inavyofanya kazi mfukoni: kibali cha kazi kikikaribia kuisha na leseni ya gari inaisha, na mwenye kulea wazee usiku bila gari Miami huna kazi. Unataka mkopo wa nyumba wa miaka 30, una karatasi ya miezi 18, afisa mikopo atakusikiliza kwa heshima alafu hatakupigia tena. Mwajiri naye anajua huna pa kwenda. Ndio maana sòl haifi. Ile dola 4,000 ni dipoziti ya pango, ni wakili wa uhamiaji, ni jeneza la mama kule Cap-Haïtien, na kwa mtu mwenye karatasi ya kudumu ingekuwa mwanzo wa nyumba.

Afu kuna hela inayotoka. Hela wanazotuma Wahaiti walio nje ni kama sehemu moja ya tano ya uchumi mzima wa Haiti, na Mbahama hana mzigo huo, kwao hakuna anayesubiri Western Union ili mtoto aende shule. Ukikaa pembeni ya mto wa Miami unaona meli ndogo za kwenda Haiti zimepakiwa mpaka juu, magodoro, baiskeli, ndoo za plastiki, marobota ya mitumba, ambayo wao wanaita pepe. Hiyo ni mishahara ya watu inaondoka Florida. Mwenye kipato kilekile na jirani yake anabaki na akiba ndogo, na sensa haina kisanduku cha kuandika hilo.

Na sensa ina tatizo jingine kubwa zaidi kwa hili swali. Waliozaliwa Haiti wanaoishi Marekani wamepita laki saba, ni wengi kuliko watu wote wanaoishi Bahama, ambao ni kama laki nne. Waliozaliwa Bahama walioko Marekani ni makumi machache ya maelfu. Wajukuu wa waliojenga Coconut Grove sensa inawahesabu Wamarekani weusi basi, hawamo kwenye safu ya "Bahama" kabisa. Kwa hiyo mafanikio yao hayaonekani na hasara zao hazionekani, na mtu anayechora grafu ya Mbahama na Mhaiti kutoka safu hizo mbili anachora kitu ambacho sio jamii mbili za Miami.

Narudi kwa Poitier. Bahama yenyewe sasa ndiyo Florida ya Mhaiti. Ndiye anayelima bustani, anayebeba zege, anayefagia hoteli, na sensa ya 2010 ilihesabu Wahaiti karibu 39,000, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Mtoto wao akizaliwa Nassau hapati uraia, katiba inamwambia asubiri afike miaka 18 ndipo aombe, na ana miezi 12 tu ya kuomba. Miaka kumi na nane yote hiyo ni mgeni kwenye nchi pekee anayoijua. Kimbunga Dorian kilipopiga visiwa vya Abaco, hukohuko Bahama, Septemba 2019, mtaa wao wa The Mudd, vibanda vya mbao juu ya ardhi isiyo yao, ulifutika wote, na serikali ikazuia watu wasijenge tena pale, na wengi wakarudishwa Haiti. Mtoto wa muuza nyanya wa Cat Island alipewa karatasi siku aliyozaliwa, mtoto wa mvuna nyanya wa Abaco anasubiri.

Na kama unadhani ardhi ya mwanzo inalinda milele, nenda kaangalie West Grove leo. Nyumba nyingi ni za urithi, babu alikufa bila wosia, majina kumi na mawili kwenye hati moja, kodi ya majengo ya serikali inapanda kila mwaka na mnunuzi anamfuata yule mjukuu mmoja anayeishi Atlanta. Little Haiti hadithi inafanana ila wengi ni wapangaji, kwa hiyo wao wanaondoka bila hata hela ya kuuzia. Mtaa uko juu kidogo ya usawa wa bahari kuliko ufukweni, na tajiri anayeogopa maji ameanza kuuona mzuri. Mwaka 2009 mafundi waliokuwa wanajenga nyumba za bei nafuu eneo hilo, lililokuwa linaitwa Lemon City, walichimbua mifupa. Yalikuwa makaburi ya watu weusi yaliyosahauliwa, watu 523, wengi wao Wabahama wa miaka ya mwanzo ya mji. Mama mwenye daftari anakaa mitaa michache tu kutoka pale, na mara ya mwisho naongea naye mwenye nyumba alikuwa amempa siku sitini awe amehama.